Makaburi Tuliyoyapalilia

Mjukuu wangu Eliza,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Lushoto masika yameanza vizuri, na shangazi yako amejifungua salama.

Barua yako nimesomewa mara mbili na hasira haijanitoka. Ati mwalimu wenu anasema ufufuo ni mfano tu, roho huenda mbinguni na mwili ukioza ndiyo basi.

Maneno hayo niliyasikia nikiwa msichana, Waingereza walipotulazimisha kulima kwa matuta. Jumamosi ya kuamkia Pasaka tulipalilia makaburi, kama desturi yetu, ili alfajiri tukaimbe pale. Bwana shamba akapita, akaona udongo mbichi mteremkoni, akadhani ni shamba. Akaamuru tuinue matuta.

Baba akamwambia, "Hapa amelala mke wangu."

Yule bwana, Mkristo mwenzetu, akajibu, "Mkeo yuko mbinguni. Huu ni udongo tu."

Baba akajilaza juu ya kaburi la mama. "Basi anza na mimi," akasema. "Huyu hatukumtupa, tulimpanda."

Bwana shamba akaenda zake bila hata kusema pole.

Mwambie mwalimu wako kwamba Yesu alitoka kaburini na makovu ya misumari. Mama naye atatoka na mikono yake ile ile, yenye sugu za jembe. Bwana shamba naye alishakufa, na yeye atafufuka. Naomba siku hiyo nisimame karibu, nisikie atamwambia nini mama yangu.

Bibi yako