Mwaka Mpya Kila Stima Ikipotea

Jumapili, 7 Septemba 2025

Ndugu yangu Geoffrey amekuja leo na kompyuta kutoka dukani kwake Kisii mjini. Ya mtumba, kubwa, inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Ameiweka sebuleni mbele ya kiti cha Baba. Ati itamsaidia na kichwa chake. Mimi niliomba mtu wa kunisaidia kumwogesha. Nimeletewa skrini!

Amejaza vitu juu ya hiyo skrini. Saa kubwa ya mviringo. Siku na tarehe, herufi kama za bango la mkutano. Hali ya hewa, na jua dogo linalozunguka. Saa ya jua kutua, ili Baba ajue Ijumaa Sabato inaingia lini. Anaziita wijeti. Halafu sanduku la picha, pande sita, linageuka lenyewe hewani — 3D, anasema kwa madaha. Upande mmoja Mama amesimama sokoni Daraja Mbili na mikungu yake ya ndizi, anacheka. Miaka mitatu sasa tangu tumzike.

Nikamwambia huo ni urembo wa macho tu, kalenda ya ukutani inatosha. Akasema, "Orpah, kalenda haijui leo ni lini." Nikakasirika zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Haya, nakubali. Nusu.

Baba ameamka, ameketi, amesoma kwa sauti yake ya darasani: "Jumatano, tarehe kumi." Hajaniuliza siku hata mara moja. Wiki iliyopita aliniuliza mpaka nikajifungia chooni. Alifundisha hesabu miaka thelathini na nne. Kitu kikiandikwa anakiamini. Mimi nikisema ananibishia. Skrini ikisema — sawa!

Lile sanduku bado nasema ni upuzi. Analitazama mpaka chai inapoa.

Bando la intaneti limeisha. Jua la hali ya hewa limekwama pale linang'aa, na huku nje mvua inapiga mabati.

Ijumaa, 12 Septemba

Ameoga mwenyewe kabla jua halijatua. Saa ya skrini ndiyo ilimwambia. Tukaimba wimbo mmoja, sisi wawili. Maneno yote anayo bado.

Nikaenda jikoni kulia kidogo. Ya furaha, basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Stima ilipotea jana, ikarudi alfajiri nikiwa nakamua ng'ombe. Kompyuta huwaka yenyewe, Geoffrey aliitengeneza hivyo. Nikasikia Baba anapaza sauti: "Orpah! Heri ya Mwaka Mpya!"

Nimecheka mpaka maziwa yakamwagika. Kwenye skrini: Jumanne, 1 Januari 2019.

Nikampigia Geoffrey. Ati ndani kuna kibetri kidogo cha duara, kama cha saa ya mkono, kimekufa. Stima ikikatika mashine inasahau tarehe, inarudi mwanzo. Atakileta. Kwa sasa niwe naseti mwenyewe. Nikamwambia umemletea Baba mwenzake wa kusahau. Hakucheka.

Nikaseti. Baba akatazama: 2025. Akahesabu kwa vidole, taratibu. Kisha akaniuliza, "Na mama yenu yuko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikamwambia.

Ee Mungu. Alianguka sakafuni akalia kama amefiwa leo. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba. Roselyne wa hapo chini alifika na leso kiunoni, pumzi juu, anauliza ni nani. Nikasema ni Mama. "Mama gani?" Mama yuleyule, Roselyne.

Jumatano, 17 Septemba

Stima tena. Nimeseti. Amehesabu, ameuliza, nimemwambia. Amelia.

Roselyne alikuja peke yake.

Alhamisi, 18 Septemba

Stima ilikuwepo, lakini swali limeshamwingia. Anasoma mwaka, anahesabu, anauliza. Amelia mpaka sauti ikakauka.

Hakuna aliyekuja.

Sabato, 20 Septemba

Aibu ya leo sijui niiweke wapi.

Stima ilikatika nikiwa bafuni najitayarisha kwenda kanisani. Ikarudi. Baba akasoma Jumanne. Akavua koti la kanisa, akabeba kikapu, akashuka kuchuma chai. Siku ya Sabato! Shamba letu liko kando ya njia wanayopita waumini wote. Mzee wa kanisa mstaafu, mgongoni kikapu, anawapungia mkono: "Heri ya Mwaka Mpya!" Watoto wakacheka. Wakubwa wakaangalia chini.

Baada ya ibada akaja Mokua, yule aliyeshika nafasi yake kanisani. Akaongea kwa ule upole wa kuudhi. Watu wanasema, kwa heshima ya Mwalimu, ingekuwa vizuri asionekane barabarani. Nikamwambia, "Mokua, huyu ndiye alikufundisha kusoma hiyo Biblia uliyobeba." Akamaliza chai yangu, akaenda.

Lakini kuna kitu sikumwambia Mokua wala sitamwambia mtu. Nilipomfikia Baba shambani alikuwa anaimba. Akasema, "Mama yenu ameenda Daraja Mbili, nataka akirudi akute kikapu kimejaa." Uso wake sijauona hivyo tangu mazishi. Ningemrudisha nyumbani. Badala yake nikashika safu ya pili, nikachuma naye mpaka kikapu kikajaa.

Jumatatu, 22 Septemba

Geoffrey amepita na kibetri. Mteja anamngoja, hana hata muda wa kuketi. Akanitilia kiganjani: nifungue ubavu wa mashine, skrubu mbili, kazi ya dakika tano, tarehe haitapotea tena.

Nikamshika mkono. Ungekuwa wewe, ungemwambia kila asubuhi? Akasema ukweli ni ukweli, dada. Rahisi kusema ukiwa unalala Kisii mjini! Yeye hajamwona Baba akianguka. Yeye huwa anatuma salamu tu.

Kibetri nimekiweka mfukoni mwa aproni.

Baba alikuwa ameshauliza kabla Geoffrey hajafika, na nilikuwa nimeshamwambia. Leo hakupiga kelele. Alikaa anatazama sanduku likigeuka. Kila Mama akifika mbele anainua mkono, kisha Mama anapita. Halafu akanigeukia: "Mmemzika mke wangu bila kuniita."

Alikuwepo! Alitupa udongo wa kwanza! Nikamwambia. Akaniangalia kama mwizi.

Hajala.

Jumatano, 24 Septemba

Hakula jana, hajala leo. Uji anautema. Muuguzi amekuja kumpima, anasema kifua si kizuri hata kidogo, asipigwe na baridi, asinyeshewe, na asipokula itakuwa kumpeleka hospitali akalazwe. Amepungua mpaka pete inazunguka kidoleni.

Nilisema urembo wa macho. Sasa sijui. Saa ambayo ni ya kweli ndiyo inamuua. Lile sanduku la upuzi ndilo kitu cha pekee anachoinulia mkono.

Ijumaa, 26 Septemba

Stima haikupotea leo. Nilichomoa waya mwenyewe. Nikahesabu hadi kumi, nikachomeka.

Jumanne, 1 Januari 2019.

Baba akatoka chumbani, akasoma, akasema njaa inamuuma. Alikula ugali na mboga ya saga, sahani mbili. Akauliza kama Mama aliondoka na mwavuli. Nikasema hapana, aliusahau. Uongo ulitoka mwepesi, hata sikumeza mate.

Kaburi la Mama liko mbele ya dirisha, na jina lake limechongwa kwenye saruji. Nimetandika turubai juu yake nikaanika mahindi. Watu wengi huanika hapo, hakuna atakayeuliza. Nilikuwa nasawazisha mahindi kwa mkono huku namwambia Mama anisamehe.

Jua lilitua. Sabato imeingia. Sikumkumbusha.

Jumanne, 1 Januari 2019

Asubuhi Baba alisimama nyuma yangu nikifungua daftari. Mwalimu ni mwalimu, lazima akague. Anachotafuta ni tarehe tu. Nikaandika ya skrini; nilikuwa nimechomoa waya tena alfajiri.

Mchana waliimba kanisani, ikasikika mpaka huku ng'ambo ya bonde. Akauliza mbona wanaimba Jumanne. Nikasema kwaya inafanya mazoezi. Akasema sauti ya tatu ni dhaifu. Kweli, ni dhaifu.

Baadaye akavaa koti la kahawia, akachukua mwavuli mweusi, akaenda langoni. "Mama yenu hapendi kunyeshewa." Nikamwacha. Nilidhani atachoka, atarudi.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro. Mvua imeanza kama nusu saa hivi, ile nzito. Naandika dirishani, namwona. Mwavuli ameukunjua lakini ameushika upande, mahali pa mtu wa pili. Yeye mwenyewe ananyeshewa.

Nimeenda mara tatu. Nikamvuta mkono. "Tata, baba yangu, ingia ndani, atakuja." Akajitoa mkononi mwangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Atakuja na mzigo, nani atampokea? Wewe?" Blanketi nililomfunika amelikunja, ameliweka kavu chini ya mwavuli. Eti la Mama akifika. Nimempigia Roselyne aje tumbebe, hashiki simu. Bado wako kanisani.

Anakohoa. Nasikia kutoka hapa, juu ya mvua.

Kuna maneno mawili yatakayomtoa pale langoni. Nimeyasema mara nyingi mwezi huu, nayajua yanavyomwangusha. Kwenye matope, na kifua hicho! Na nisipoyasema, kifua hichohicho. Kibetri nakigeuza mkononi tangu saa ile, kimepata joto. Nyuma yangu skrini inasema leo ni jua.

Ananiita. Ati niwashe taa ya nje, Mama asije akajikwaa.

Nimewasha.