Munyu Uliokataa Kukauka

Elburgon,
Julai 2008

Kwako Mama,

Goti linaendeleaje? Na mahindi je, mmeanza kuchoma ama mnangoja nije niwamalizie? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni mpaka humwoni aliye mbele yako, unasikia tu misumeno ya kiwanda cha mbao ikianza kulia. Barua hii imeletwa na Makokha, yule dereva wa lori la mbao uliyempa chupa ya munyu aniletee. Tafuta miwani yako uisome mwenyewe. Usimpe Wycliffe akusomee, maana kaka yangu mdomo wake hauna breki. Kwenye simu siwezi kusema haya. Simu ni ya Senje, na nikiongea nawe shangazi huyo hujifanya anapanga sahani ambazo tayari zimepangwa.

Nianze na huo munyu. Madam wetu wa kemia alitufundisha kutengeneza fuwele za chumvi. Unayeyusha chumvi kwenye maji moto mpaka maji yakatae kumeza nyingine, unayatia kwenye gilasi, unaning'iniza uzi kutoka kwa penseli, halafu unangoja. Maji yakizidi kupungua, chumvi inajikusanya kwenye uzi, vipande vidogo vya mraba vinavyong'aa. Kila mtu aliambiwa aje na chumvi. Wenzangu wakabeba ya dukani. Mimi nikajiambia, ninunue ya nini na mamangu anajitengenezea yake? Nilikuwa na maringo kweli. Nikachukua munyu wako, ule unaouchuja kwa majivu ya maganda ya maharagwe, nikauchemsha mpaka maji yakaisha ukabaki unga wa kijivu. Huo ndio niliopeleka shuleni.

Baada ya siku chache nyuzi za wenzangu zilikuwa zimevaa shanga. Wangu ulikuwa umelowa tu, kama kamba ya nguo wakati wa mvua. Nikauchemsha munyu tena ukakauka vizuri, nikafurahi, nikaulaza dirishani. Kesho yake, ukungu ulipoondoka, nikakuta umekuwa maji tena. Chebet, ninayeketi naye, akaniuliza, "Jentrix, hii ni chumvi ama ni supu?" Nilicheka pamoja nao lakini roho iliniuma, kwa sababu kilikuwa kitu chako.

Madam hakucheka. Alisema munyu wa majivu na chumvi ya dukani si ndugu wa tumbo moja, umeundwa na vitu vingine, na unapenda maji hivi kwamba huyavuta hata kutoka hewani. Kwa ukungu wa Elburgon usingekauka hata ningeungojea mpaka nimalize kidato cha nne. Nikauliza kwa nini unapenda maji hivyo. Akanijibu, nikauliza kwa nini tena. Siku hizi darasani wananiita Kwa Nini, na hata mlinzi wa lango amelijua jina hilo.

Swali lililofuata ndilo lililonifanya nikuandikie. Nilitaka kujua ni nini hasa kinachoishikilia chumvi isiachane. Madam akachora ubaoni. Akasema kila atomu ina chembe ndogo zinazoizunguka, zinaitwa elektroni. Katika chumvi ya dukani, sodiamu hutoa elektroni yake moja, klorini huichukua, na kuanzia hapo wanavutana hawaachani, kwa sababu mmoja amepungukiwa na mwingine ameongezewa. Lakini kuna atomu nyingine ambazo hazitoi wala hazichukui. Hizo huiweka elektroni katikati, na kila moja huihesabu kuwa yake.

Mama, hapo niliacha kuandika. Niliiona siku ya mazishi ya Baba. Senje alikuja kumzika mdogo wake, na kwa sababu hakujaliwa mtoto, wazee wakasema si vizuri arudi mikono mitupu. Nilikuwa darasa la kwanza. Nilivalishwa sweta nikaambiwa naenda kutembea. Wewe ulikuwa jikoni ukipuliza moto na hukugeuka. Mpaka leo sijui kama ni moshi uliokuwa unakuliza ama ni mimi.

Nikainua mkono. Nikasema, "Madam, hiyo elektroni huwa inaulizwa kama inataka kwenda?"

Darasa lote likaangua kicheko. Madam akaweka chaki chini akaniangalia.

"Haiulizwi," akasema. "Lakini wewe si elektroni, Jentrix."

Nadhani anajua. Elburgon ni mji mdogo, na Januari watu wengi walituona. Unakumbuka, nyumba zilipokuwa zikichomwa baada ya uchaguzi na mabasi ya kwenda huko nyumbani yakaondoka yakisindikizwa na askari, ulituma neno nipandishwe. Mfuko wangu ulikuwa tayari. Senje akanishika mkono akasema mtoto haendi popote. Tukalala kwenye yadi ya kiwanda kati ya magogo, akanifunika kwa leso yake, yeye akabaki na baridi. Tangu siku hiyo wewe na yeye hamsalimiani, na mimi ndiye ninayebeba kimya chenu. Nilimkasirikia sana, na bado nina hasira naye. Lakini kila nikikasirika naikumbuka ile leso.

Jumamosi nilienda na gilasi yangu kwenye kibanda chake, pale anapowapikia wafanyakazi wa mbao. Nikamweleza aibu yangu yote. Akachovya kidole, akaonja, akasema huu ni wa kwenu kabisa, kisha akaumimina wote kwenye sufuria ya kunde. Nilipoona ametulia nikamwuliza kile ambacho sijawahi kumwuliza. "Senje, mimi ni wako ama ni wa Mama?"

Alizikoroga zile kunde, akapunguza moto. Halafu akaniambia kwamba alikuahidi atanirudisha nikimaliza darasa la nane. Nikamaliza, akaiwazia nyumba yake bila mimi, akanyamaza. Sikuijua ahadi hiyo. Wewe uliijua miaka yote na hukumdai. Kwa nini, Mama? Nilikuwa nikilala nikifikiri hunitaki.

Akasema Agosti shule zikifungwa niende, hatanishika tena. Nilifurahi kiasi cha kumwaga maji niliyokuwa nimebeba. Mama, nimekukosa mpaka nimeanza kusahau vitu. Juzi nilijaribu kukumbuka jino lako lililong'oka liko upande gani nikashindwa, nikalia huku nikifua sare. Nataka nikukute unaita kuku. Nataka nilale kitanda chako, mguu wangu juu yako, na ulalamike kwamba nina miguu baridi.

Lakini sikia kilichofuata. Nilikuwa nimegeuka kuosha sahani, naye akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Muulize mama yako kama naweza kuja na wewe. Hata nikilala jikoni ni sawa."

Unamjua Senje. Ni dada mkubwa wa Baba, lile ni boma la ndugu yake, na kwa desturi yetu anaingia akitaka na kuketi akitaka, wewe ndiwe wa kumpisha kiti. Hajawahi kuomba hata nafasi kwenye benchi ya kanisa. Na sasa anakuomba ruhusa wewe, mke wa mdogo wake, tena kupitia kwangu.

Msalimie Kukhu, umwambie mjukuu wake bado anaomba kwa kilugha asubuhi. Msalimie Wycliffe, na kama amekuibia barua hii akaisoma mpaka hapa, mpige. Mdogo wangu Everlyne mwambie sweta yake nimeifuma imebaki mkono mmoja. Mama Brian, jirani yetu, naye asiachwe nje.

Makokha atapita hapo tena Jumatatu akirudi huku, na atangoja jibu. Mimi usinijibu, mimi nakuja hata kama ni kwa miguu. Mwandikie Senje.

Ni mimi mwanao,
Jentrix