Beseni ya Bunga ku Mulin ya Tata

Yaya Mukuna,

Huku Kolwezi mvua inanyesha muzuri na batoto bako bazima. Ile mashini ya mulin ya sokoni, kwenye tata yetu alisagia bantu bunga mpaka kufa kwake, ingali inasaga. Musagaji mupya hajui sisi ni batoto ba nani.

Tangu baanze kufukuza bantu ba Kasai kama sisi, tunapeleka mahindi peke yake, juu muhogo unatutaja. Jana nilisahau, nikachanganya mahindi na muhogo mu beseni, bile mama alitufundisha. Bantu bote mu mulongo bakageuka kuniangalia. Jirani yetu, mama Fidélie, akasema, "Hii beseni ni yangu," akaibeba.

Leo asubuhi tumeikuta ku mulango wetu, bunga yote ndani. Nikaenda kumushukuru. Akasema si yeye aliileta: bijana balimunyanganya beseni mu njia.

Tunaenda na batoto bako kungojea treni ya Kasai ku gare. Usiandike tena ku hii nyumba.

Ndugu yako,
Kapinga