Vidonge vya Mate

Jumatatu, 4 Agosti

Maji tena kabla ya kila tonge. Tangu nitibiwe saratani ya shingo kwa mionzi, mdomo wangu haupati mate. Ugali umenikwama mara mbili. Daktari wa Thika ameniandikia vidonge vya kuyarudisha. Nilimeza kimoja. Mate yalikuja, jasho nalo likaja, shati likanigandama mgongoni. Nimevichukia. Nimevitupa kabatini.

Jumatano, 6 Agosti

Kariuki, mdogo wangu, amekuja kutoka Gatuanyaga bila kualikwa. Jumamosi watu wa Murera watafika hapa Kimbo kumposa Wanjiru, mjukuu niliyemlea mimi. Kwetu babu, guka, humtemea binti mate kidogo viganjani. Hiyo ndiyo baraka.

Kariuki alisema mbele ya wake zetu, "Mkubwa, wewe umekauka kuliko shamba langu. Niachie huyu msichana nimbariki mimi."

Wakacheka. Simpendi. Sijawahi kumpenda. Nimevitoa vidonge kabatini.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilimeza kidonge wageni walipofika langoni. Kosa langu. Nilisahau wanawake wetu. Waliwafungia lango, kama ilivyo desturi, na kuwadai nyimbo kabla ya kuwafungulia. Wimbo juu ya wimbo. Mimi nimeketi ndani kwa suti, mdomo umejaa, nameza baraka yenyewe. Jasho likidondoka kidevuni.

Lango lilifunguliwa. Kariuki akanitazama. "Wageni, karibuni. Msishangae, mzee wetu anawaogopa."

Kisha maombi, chakula, hotuba. Hotuba zake hasa. Mdomo ulikuwa umekauka tena, na daktari alinikataza kuongeza kidonge kingine kwa pupa.

Wanjiru alipiga magoti, akanyoosha viganja. Nilijaribu. Hewa tupu. Nikajaribu tena. Watu wakatazama chini.

Kariuki akanisukuma kwa bega, akatema kwa wingi, kama anayemwagilia mboga za sukuma. Wakampigia makofi. Mkono wangu ulitaka kumpiga fimbo. Ningempiga, kama si wageni.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nyumba kimya. Wanjiru aliniletea maji, kidonge na taulo, akavuta kigoda.

"Guka, meza. Leo hatuna haraka."

Tulingoja. Jasho lilitangulia. Alinipangusa paji la uso, shingo, nyuma ya masikio. Hatimaye mate yakaja, nikamwashiria kwa kichwa.

Alifungua viganja.

Nikamtemea. Yalikuwa machache. Alijipaka kifuani, akaenda kuosha vyombo.