Damu ya Idrisa

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimechota maji. Nimepiga pasi sare. Mama alijifungua hospitalini alfajiri, mvulana. Hakulia. Mkunga alimpulizia pumzi kwa muda mrefu ndipo akatoa sauti ndogo. Nilidhani nitafurahi. Sioni furaha wala huzuni.

Jumatano, 6 Machi
Hanyonyi. Mama anamkamulia maziwa kwenye kijiko. Mkono wa mtoto ulitikisika wenyewe. Niliushika, haukuacha. Daktari amemchoma kisigino, amechukua damu.

Ijumaa, 8 Machi
Majibu yametoka. Hana malaria, na damu inatosha. Bibi alipiga kigelegele wodini. "Damu safi! Mlitaka kunitia presha bure nyie!" Wodi nzima ilicheka.

Nilimfuata daktari ukumbini. Nikamwamkia, nikamwuliza kama damu imeonyesha ubongo uliumia alipokosa hewa.

"Hapana, binti. Kipimo cha damu cha jambo hilo hatuna. Tutasubiri tuone kama shingo itakaza, kama atakaa."

"Mpaka lini?"

"Miezi."

Sikumwambia mtu.

Jumapili, 10 Machi
Akika. Idrisa amenyolewa kwa wembe, hakushtuka. Wanawake walimsifu. "Mtoto mpole huyu! Wangu alitaka kung'oa bati." Bibi akajibu kafuata babu yake, hataki makelele. Wali ulikuwa mzuri. Nilikula sana. Nilijichukia.

Jumanne, 12 Machi
Mama aliniuliza daktari alisema nini. Kumbe aliniona nikimfuata. Nilimweleza yote. Hakulia. Alisema Bibi asiambiwe kwanza, acha afurahi. Kisha akaomba nimletee uji.

Jumamosi, 4 Mei
Idrisa ametikisika tena, mwili mzima. Bibi alisema ni upepo, akamfukizia ubani. Mimi na Mama hatukutazamana.

Alhamisi, 13 Juni
Nilimwuliza mwalimu wa Biolojia kama ubongo ukiumia huacha alama yoyote ndani ya damu. Alifikiri. Akasema huenda, lazima mtu aitafute. Tulipoambiwa tuchague masomo ya mwakani niliandika sayansi.

Jumapili, 14 Julai
Shingo ya Idrisa bado haijakaza. Mchana nilimkuta Bibi peke yake naye mkekani. Alikuwa amekunja kanga yake ya akika, ile mpya, akaiviringisha vizuri na kumwekea nyuma ya shingo. Hakuna aliyemwambia. Alinisogezea nafasi. Nikakaa. Tulimtazama akilala.