Hudihudi wa Ukuta wa Bi Zuwena

Salma mjukuu wangu, marahaba. Hapa Ibra sote wazima, na babu yako bado anagombana na mbuzi.

"Mtoto wa kike mwenye kamera juu ya paa anachungulia nyua za watu." Hayo ndiyo maneno ya ami yako huko Nizwa, nawe waniuliza kama uiuze kamera? Uzushi mtupu! Nilipokuwa msichana, jirani yetu Bi Zuwena alinitukana vivyo hivyo. Nikamjibu, "Basi panda, uone ninachokipiga picha."

Akapanda akihema, akaweka jicho kwenye kamera. Hudihudi alifungua kishungi chake, akawalisha makinda kwenye tundu la ukuta wake Bi Zuwena mwenyewe.

"Kumbe nina wapangaji!" akacheka.

Kesho yake alipanda bila kuitwa.

Kamera usiiuze. Mpandishe ami yako juu ya paa, leo hii.

Bibi yako