Mkimbizi wa Mpira

Jumapili, 14 Mei 2017

Maneno ya Mama Furaha, muumini mwenzetu, bado yananiudhi. Binti yangu Neema, mzaliwa wa hapa ugenini, Yeoville, alikubali kusimulia kanisani kwa Kiswahili habari za mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani. Mchezaji huyo alikimbia na mpira mikononi miaka mingi, kisha akasahauliwa.

"Alikuwa mkimbizi hodari," akasema Neema.

"Na pemiti yake ya ukimbizi alipewa Pretoria?" akauliza Mama Furaha. Wote wakacheka. Niliogopa Neema hatasema Kiswahili tena.

Nyumbani nikamweleza kwamba yule ni mkimbiaji, wakimbizi ni sisi. Mkimbiaji hushangiliwa, mkimbizi husahauliwa.

"Eish, Baba, lakini huyu walimsahau. Basi ni mkimbizi."

Amenibishia kwa Kiswahili. Sikumsahihisha.